Maji ya kijani ufukweni Ggaba

Swali: Ndugu zangu, hapa Ggaba, kando ya jiji la Kampala, Uganda, maji ya Ziwa Victoria yamegeuka kijani na kuacha utando mzito kwenye mitumbwi. Je, kuyachemsha kunatosha?

Jibu: Hapana, ndugu. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi sumu ambayo mwani unaoyageuza maji kuwa kijani hivyo huweza kutoa. Msiyanywe, wala msiwanyweshe mifugo.

Jibu: Chanzo kimojawapo kikubwa cha mwani huo ni mfereji wa Nakivubo, unaomwaga maji machafu ya Kampala katika Ghuba ya Murchison, ambako naitrojeni na fosforasi huurutubisha mwani. Mafunjo ya kinamasi yangevinyonya virutubisho hivyo, lakini mengi yamefyekwa ili kulima magimbi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba maji mengi ya bomba ya jiji huvutwa kutoka ghuba hiyo hiyo, kisha husafishwa kwa gharama kubwa.