MJADALA: Roboti ikisema "nina hisia", nani athibitishe, na kwa kipimo gani?

Mleta mada
Wakuu, mada hii inatokana na tamthilia ya Humans, iliyorushwa na Channel 4 ya Uingereza na AMC ya Marekani kati ya 2015 na 2018, misimu 3, sehemu 24. Asili yake ni Äkta människor ya Uswidi, iliyoanza kuonyeshwa SVT mwaka 2012. Kwa ambaye hajaitazama (na samahani, nitapasua jipu la hadithi): roboti zenye sura ya watu, ziitwazo synth, zinauzwa madukani kama friji. Zinapika, zinalea, zinafagia, nyingine zimewekwa madanguroni. Chache zina ufahamu kama wetu, yaani zinajihisi kuwa zipo, zinaumia na kufurahi. Mmoja wao, Niska, anamuua mteja danguroni. Msimu wa 2 anajisalimisha kwa sharti kwamba ahukumiwe kama mtu. Anajibiwa: thibitisha kwanza kuwa una ufahamu. Anaonyeshwa picha, anawekewa muziki, wataalamu wanasoma vifaa kuona kama ameguswa.

Siku roboti halisi ikidai hivyo, tuipime? Au kipimo chenyewe ni ubaguzi uliovaa koti la maabara? Mimi nasema kipimo lazima kiwepo, la sivyo kuna kampuni itatuuzia blenda inayolia machozi.

Solda na Waya
Mkuu, tupime nini? Njia ya kumuuliza mwenyewe imeshakufa. Mwanahisabati Alan Turing alipopendekeza mchezo wake wa kuiga mwaka 1950, ambapo mashine inajibu maswali kwa maandishi ikijaribu kuonekana mtu, hapakuwa na mashine iliyolishwa maandishi ya mamilioni ya watu wakieleza uchungu wao. Leo zipo. Mwaka 2022 mhandisi wa Google, Blake Lemoine, alidai programu yao ya mazungumzo, LaMDA, ina hisia, akatoa mazungumzo yake nayo kama ushahidi. Lakini kuzungumza kama mtu ndiyo kazi iliyoundiwa!

Mwanafalsafa Susan Schneider na mwanafizikia wa anga Edwin Turner walipendekeza njia ya kukwepa mtego huo: mashine ifungiwe, isipewe maandishi yoyote kuhusu ufahamu au roho, kisha iulizwe kama inaweza kuwazia kuishi nje ya mwili wake. Utekelezaji ndio balaa. Ukichuja kila palipoandikwa "nahisi", "niliota", "marehemu", utabaki na nini? Hata kitabu cha mapishi kina "onja chumvi".

Hospitalini kuna kipimo kizuri zaidi. Ubongo unagongwa na mpigo wa sumaku, mwangwi wake unanaswa na waya za kichwani, kisha kompyuta inaangalia mwangwi huo una utata kiasi gani. Jibu ni namba kati ya 0 na 1, na ikivuka 0.31 mgonjwa anahesabiwa ana ufahamu hata kama hawezi kufumba jicho. Namba hiyo ilipatikana kwa kuwapima watu ambao hali yao ilishajulikana: walio macho, waliolala, waliopigwa nusukaputi. Kwa roboti huna wa kuanzia. Niska ana betri na majimaji ya buluu; ukimpima jasho na mapigo ya moyo, unapima alivyonyimwa kiwandani.

Kuna kubaya zaidi. Mwanasaikolojia Bernard Baars anasema ufahamu ni habari kutangazwa kwa sehemu zote za akili kwa pamoja. Kwa nadharia hiyo synth anaweza kupita. Mtafiti wa ubongo Giulio Tononi anasema kinachohesabika ni jinsi vipande vyenyewe vilivyofungamana kimwili; kwa nadharia yake kompyuta ya kawaida haipiti, hata ikiiga ubongo neno kwa neno. Roboti ileile, siku ileile, majibu mawili. Mwaka 2023 kundi la watafiti 19 lilitoa orodha ya viashiria 14 kutoka nadharia mbalimbali, likahitimisha kuwa hakuna mfumo wa wakati huo uliokuwa mgombea mwenye nguvu. Ila walisema wazi kwamba orodha yao imesimama juu ya dhana kuwa ufahamu ni suala la hesabu zinazofanyika, si nyama. Ukiikataa dhana hiyo, orodha yote inaanguka.

Mama Tamthilia
Kaka Solda, umechambua vizuri, ila mnaniachia nusu ya mada. Neno ubaguzi limo kwenye swali. Itazameni hadithi kwa mpangilio wake. Msimu wa 1, vuguvugu la We Are People linawapinga synth wakati umma hata haujui kwamba wapo wenye ufahamu. Chuki inatoka wapi? Mattie, binti wa familia ya Hawkins, haoni sababu ya kusomea udaktari miaka saba wakati synth atapakiwa ujuzi huo mara moja. Baadaye baba yake anapoteza kazi. Ni chuki ya tumbo.

Mwisho wa msimu wa 2 Mattie anasambaza msimbo unaowaamsha synth wote kwa mpigo. Walikuwa kwenye usukani, kwenye mitambo, kila mahali. Watu zaidi ya laki moja wanakufa. Sasa ushahidi wa ufahamu upo, hakuna anayebisha, na ndipo chuki inapopanda! Synth walioamka, wenye macho ya kijani, wanafungiwa kambini, na wanatengenezwa wengine wenye macho ya rangi ya chungwa, wasioamka, ili wateja walale usingizi. Kwa hiyo mleta mada, kipimo chako kingetoa jibu sahihi kabisa na bado Mia, synth mwenzake Niska mwenye ufahamu, angepigwa na umati mpaka afe.

Tena tamthilia inatuhonga. Kamera inatuonyesha Niska akiwa peke yake, akiteseka bila mtazamaji. Tunaingia mahakamani tukiwa na ushahidi ambao hakimu hana. Tusijisifu kwamba sisi tungemwamini.

Wakili Msomi
Sheria haijawahi kudai ufahamu ili kukipa kitu hadhi ya mtu wa kisheria, yaani anayeweza kumiliki mali na kushtaki. Kampuni inayo, kama kesi ya Salomon ya Uingereza ilivyothibitisha mwaka 1897. Mto Whanganui wa New Zealand ulipewa hadhi hiyo mwaka 2017. Wakfu wa Lamu au Unguja una mali, una mutawalli wa kuusimamia, na hakuna aliyewahi kuuliza kama unaumwa.

Mwaka huohuo wa 2017 Bunge la Ulaya liliitaka Tume ya Ulaya ifikirie hadhi ya "mtu wa kielektroniki" kwa roboti zinazojiamulia. Mwaka 2018 wataalamu zaidi ya 150 wakapinga kwa barua ya wazi, na wazo likakwama. Hofu moja kubwa ilikuwa ya kiutendaji: roboti ikivunja mguu wa mtu, mtengenezaji atasema "mshtaki yeye". Roboti haina mfuko. Nayo Saudia ilipomtangaza Sophia, roboti ya kampuni ya Hanson Robotics, kuwa raia, Oktoba 2017, ilikuwa tangazo la jukwaani tu.

Kitendawili
Mnatafuta hisia kwenye chuma na kuwaruka wenye hisia. Januari 2023 iliripotiwa kuwa wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuwekea alama matini ya ukatili na unajisi, ili programu ya mazungumzo ijifunze adabu. Hao hawahitaji kipimo.

Mleta mada
Nakubali hilo, Kitendawili, ila halijibu swali. Ubongo unaweza kumjali mfanyakazi na bado ukauliza kuhusu mashine. Wakili, bila kipimo, ungeandika nini kwenye muswada?

Wakili Msomi
Vifungu vitatu. Mtengenezaji abaki na dhima ya madhara, pamoja na bima ya lazima. Asiruhusiwe kuifundisha mashine kudai au kukana hisia, kwa sababu akifanya hivyo anaharibu ushahidi kabla haujafika kwa yeyote. Na mashine ikitoa dai hilo bila kufundishwa, kumbukumbu zake zisifutwe mpaka mkaguzi wa nje azione.

Solda na Waya
Kifungu cha pili hakitekelezeki. Usipoifundisha, mashine haikosi maoni. Inachukua yale ya matini iliyolishwa, na matini yetu imejaa roboti za kwenye tamthilia zinazoomba zisizimwe.

Mama Tamthilia
Na kifungu cha tatu kitawaletea macho ya chungwa. Mtengenezaji akijua kwamba dai linaleta mkaguzi, atauza modeli isiyoweza kudai.