Msichana wangu amekataa ugali juu ya TikTok, wenye mko na vijana kwa nyumba mnafanyaje?

MamaWawili_Kayole
Wasee habari zenu. Nko na msichana wa miaka 14 na kijana wa 10 na siku hizi napika kama hoteli, kila mtu na menyu yake. Huyu mkubwa tangu shule zifungwe anaangalia watu TikTok wakisema wanga ni sumu, sasa ugali hali, chapo hali, asubuhi ni chai ya rangi peke yake halafu saa kumi namkuta amejilaza kwa kiti ati kichwa kinamuuma. Mdogo naye shule zikiwa zimefunguliwa ukimpa mia ya fotokopi inaishia kwa smoki pasua, zile soseji za kupasuliwa na kuwekwa kachumbari. Na huyu mdogo ako Gredi 5, wanasoma Kilimo na Lishe, daftari ameandika poa kabisa vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu, vya kulinda mwili, amechora hadi samaki na mwalimu akamwekea tiki. Hiyo daftari kwa kava iko na mafuta ya smoki 😭. Kwani hawa watoto hufunzwa wapi kula, ama ni mimi nimezembea?

BabaTwins
Hujazembea mathe, hata wangu walikuwa wanajua hayo makundi yote na bado wanaficha sukuma chini ya ugali. Mimi nilianza kuwapeleka soko ya Marikiti Jumamosi asubuhi, zamu zamu, nampa mmoja mia tatu namwambia hiyo ni mboga na matunda ya wiki, ikibaki ni yako. Mara ya kwanza kijana akaona zabibu zimepangwa vizuri, akamaliza karibu pesa yote hapo, tukala sukuma na chumvi hadi Alhamisi na sikuongeza hata bob, mama yao alininunia mimi si yeye. Saa hii nikimtuma kitunguu anakifinya shingo kwanza, ikibonyea anairudisha. Na managu yenye alichagua mwenyewe anakula, ndio sijui hiyo ni uchawi gani.

SmokiPasua254
Sasa hapo nimetajwa 😂 mimi ndio huwa nje ya geti na kigari. Ukweli ni wengi walikuwa wanakuja saa saba juu ya njaa, hawakuwa na kitu ya kula shule. Tangu Dishi na County, ile lunch ya shule ya kaunti ya Nairobi, ianze 2023, wa shule ya serikali hapa karibu wanagonga ile bangili ya kulipia, shilingi 5, wanakula, saa saba yangu ikakufa. Sina ubaya, hata wangu ako huko. Wenye wamebaki ni wa saa kumi na hao hawana njaa, wanataka tu kusimama na mabeste wakidondokwa na kachumbari. So nikaanza kupasua yai boilo vile napasua smoki, kachumbari kibao na pilipili, na linaenda. Yai ni lile lile wanakataa nyumbani.

Nesi_wa_Mtaa
Mama, kijana atakuwa sawa, mimi nafikiria huyo msichana. Wa umri wake anahitaji miligramu 15 za madini ya chuma kwa siku, mvulana wa umri huo huo miligramu 11, na tofauti kubwa ni hedhi. Halafu chai, hata ya rangi, ukiinywa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua chuma ya mboga na maharagwe, akae kama saa moja baada ya kula ndio anywe. Mpe ndengu, terere, omena akikubali, na umkamulie ndimu juu ama ale chungwa, hiyo inasaidia chuma kuingia. Bitiruti inasifiwa sana hapa Nairobi juu ya rangi lakini chuma yake ni kidogo. Ugali wala si adui, kama anataka kufuata watu wa TikTok mpikie ya unga wa posho ile haijakobolewa, iko na nyuzinyuzi zaidi. Na tafadhali usimwambie habari ya kunona ama kukonda, hata kwa utani. Ukiona anaruka milo kila siku ama hedhi imepotea usingoje, mpeleke kliniki.

MamaWawili_Kayole
Nimerudi. Nesi tulienda wiki iliyopita, damu iko chini kidogo, amepewa tembe na chai imehamia saa nne. Jumatano nilimwachia jikoni, akachanganya unga wa wimbi na wa mahindi juu ati ya brauni inakubalika, ikashika sufuria hadi leo nakwaruza, lakini alikula, na ndugu yake akaongeza mara mbili. BabaTwins hiyo ya mia tatu naijaribu mwezi ukiisha, saa hii hiyo mia tatu yenyewe ndio sina.

SmokiPasua uko upande gani wa Kayole? Kijana anasema kuna mtu anauza yai pasua kwa geti yao na ako na deni ya mayai mawili.