Tupeane uzoefu: uliyebadilisha mfumo wa umeme wa kifaru cha rimoti nyumbani, kazi ilikwendaje?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naamini hatukosekani wenye vifaru vya rimoti vya kipimo cha 1/16 (sehemu moja ya kumi na sita ya kifaru halisi), vya Heng Long, Tamiya, Taigen na wenzao, ambao tumeshafungua bodi la juu, tukang'oa saketi iliyokuja nacho na kuweka mambo yetu. Uzi huu ni wa kusimuliana: uliweka nini, kipi kilikusumbua, ulikimalizaje. Orodha za vifaa zimejaa kila mahali, simulizi za kazi yenyewe ni chache.

Nianze na changu. Ni cha zamani, cha masafa ya redio ya 27 MHz, kile chenye antena ndefu kwenye rimoti. Nilitaka 2.4 GHz na mwendo unaopanda taratibu kadiri kidole kinavyosukuma. Lakini kabla ya kugusa saketi nilipima umeme, na ninamwomba kila anayefikiria kazi hii aanzie hapo. Nilipima volti kwenye ncha za betri, kisha kwenye ncha za mota, kifaru kikizunguka papo hapo juu ya zulia. Hakuna kazi nzito kwa kifaru kama hiyo: mnyororo mmoja unakwenda mbele, wa pili unarudi nyuma, na yote miwili inaburuzwa kwa ubavu. Ampea hupanda hapo. Ukipima kikiwa kinakwenda mbele kwenye sakafu laini, hutaona lolote.

Tofauti kati ya betri na mota ilipita volti 1. Kwa mfumo wa volti 7.2 hiyo ni nguvu nyingi inayoishia njiani ikageuka joto. Plagi nyeupe ya plastiki ilikuwa ya moto nikiishika, swichi ya tumboni nayo vilevile. Nikaweka plagi za XT60, waya mnene wa silikoni kutoka betri hadi kwenye saketi, na swichi inayohimili mzigo. Saketi ilikuwa bado ile ya kiwandani, na kifaru kikaanza kugeuka mahali kilipokuwa kikikwama. Saketi mpya ilikuja baadaye. Msimamo wangu ndio huo: njia ya umeme kwanza, ubongo wa kifaru baadaye. Karibuni.

#2

Mleta mada umegusa penyewe. Mimi nilijenga ubongo wa kifaru changu kwa Arduino (bodi ndogo ya saketi unayoiandikia programu), na kuendesha mota nikatumia moduli nyekundu ya L298N kwa sababu mafunzo mengi ya wanaoanza huitumia. Mota zikiwa nje ya gia zilizunguka vizuri. Nilipofunga kila kitu na kuvalisha minyororo, kifaru kikawa kinajikokota, na kwenye zulia hakigeuki kabisa. Programu niliikagua mstari kwa mstari, ilikuwa salama.

Jibu lilikuwa kwenye karatasi ya maelezo ya chipu. Ndani ya L298N mna transista za mtindo wa zamani, na umeme wa mota hupita kwenye mbili, moja ukienda na moja ukirudi. Kwa ampea 1 tu zinakula karibu volti 2, na mzigo ukiongezeka zinakula zaidi. Betri ya volti 7.4 inaifikishia mota 5 na kidogo. Juu ya hapo, kila upande una kikomo cha ampea 2, wakati mota ya ukubwa wa 380 ikizuiwa isizunguke huvuta mara kadhaa ya hizo.

Nikahamia moduli za BTS7960, moja kwa kila mota. Hizi zinatumia transista za kisasa za MOSFET, upotevu wake ni mdogo sana hata kifaru kikipanda mlima wa vitabu. Angalizo moja: zinahitaji angalau volti 5.5, kwa hiyo betri ikinywea wakati wa kugeuka zinaweza kujizima kwa muda. Hapo tunarudi kwenye waya na plagi za mleta mada.

#3

Naomba nizungumzie kelele za umeme, maana zilinitesa. Kila mota zilipoanza, tureti (kichwa cha kifaru chenye mzinga) ilijizungusha kidogo yenyewe na sevo ya mzinga (mota ndogo inayouinua na kuushusha) ikawa inaruka. Mota za brashi zinatoa cheche ndani wakati wote, na cheche hizo husafiri kwenye waya hadi kwenye risiva (kipokea mawimbi ya rimoti).

Dawa ni kapasita tatu za seramiki za maikrofaradi 0.1 kwa kila mota: moja kati ya ncha mbili, nyingine mbili kutoka kila ncha hadi kwenye gamba la mota. Gamba lipigwe msasa kwanza na mkono wa kulehemu uwe wa moto wa kutosha, la sivyo lehemu inakaa juu juu na kubanduka. Kisha waya mbili za mota zisokotwe pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, na zipite mbali na waya za risiva. Mtikisiko wa tureti uliisha siku hiyohiyo.

Na antena. Kwenye 2.4 GHz sehemu inayofanya kazi ni ile ncha iliyovuliwa, yapata milimita 31. Ukiwa na bodi la chini la chuma ukailaza humo ndani, mawasiliano yanakatika kifaru kikikupa mgongo. Ipandishe kwenye plastiki ya juu, iliyonyooka, isiguse chuma wala betri.

#4

Mkuu wa #3, mimi risiva ilikuwa inazima na kuwaka nikigeuza ghafla, hata baada ya kapasita za mota. Kilichonisaidia ni kapasita ya maikrofaradi 1000 kwenye laini ya volti 5, karibu kabisa na risiva. Mota zikivuta kwa nguvu, hiyo inashikilia volti kwa ile sehemu ya sekunde.

#5

Mimi sikujenga chochote kwa programu. Nilitumia ESC (vidhibiti vya mwendo wa mota) mbili za magari ya rimoti, moja kwa kila mnyororo, na rimoti ikachanganya chaneli mbili ili kijiti kimoja kitoe mbele, nyuma na kugeuka. Kuna mambo mawili ambayo hakuna aliyeniambia.

La kwanza ni kurudi nyuma. ESC nyingi za magari zina breki: ukivuta kijiti nyuma mara ya kwanza zinafunga breki, hadi ukiachie na kuvuta tena ndipo zirudi nyuma. Kwa gari hiyo ni akili. Kwa kifaru ni balaa, kwa sababu ukitaka kuzunguka papo hapo mnyororo mmoja unaganda wakati mwingine unakwenda. Tafuta ESC inayokubali kuondolewa breki ili irudi nyuma mara moja. Kabla ya kununua, soma ukurasa wa mipangilio. Ukiukuta hauna kipengele hicho, achana nayo.

La pili ni umeme wa risiva. Kila ESC inatoa volti 5 zake kupitia waya mwekundu wa katikati. Ukichomeka zote mbili, vyanzo viwili vinasukumana kwenye laini moja. Toa pini ya waya mwekundu kwenye plagi ya ESC moja, ifunge kwa mpira wa joto (ule unaonywea ukipashwa moto), na uache waya mweusi na wa ishara vilevile. Waya mweusi usiuondoe kamwe, ishara haina maana bila huo.

#6

Nitatofautiana kidogo na wakuu. Mimi sikung'oa saketi ya kiwandani, na sioni sababu kwa kila mtu kufanya hivyo. Changu ni cha 2.4 GHz, kina sauti na mfumo wa mapigano wa mwanga wa infraredi (vifaru hulengana kwa mwanga usioonekana), na vyote vimo kwenye saketi ile ile. Ukiitoa unapaswa kuvijenga upya kimoja kimoja. Nilichobadilisha ni spika na taa.

Spika ile ndogo ilikuwa wazi tumboni, sauti ya injini inatoka nyembamba. Mawimbi ya nyuma ya spika yanakutana na ya mbele na kuyafuta, hasa yale mazito. Nilibandika kisanduku kidogo cha plastiki nyuma yake, kimezibwa pande zote kwa gundi, na mngurumo ukapata uzito. Kazi ya jioni moja, na kwangu ndiyo iliyobadilisha kifaru kuliko nyingine zote.

Taa niliweka LED nyeupe moja kwa moja kwenye betri, kila moja na rizista yake. Hesabu: betri ya lithiamu ya seli 2 ikijaa ni volti 8.4, LED inachukua kama 3.2, zinabaki 5.2. Gawa kwa ampea 0.02 upate omu 260, kwa hiyo nikachukua 270. Ukitumia laini ya volti 5 inatosha omu 100.

#7

Samahani wakuu, kuna mwenye uzoefu wa kutoa betri ya NiMH (ya nikeli) na kuweka LiPo (ya lithiamu) bila kugusa kingine?

Mleta mada

Mkuu wa #7, volti zinakaribiana: NiMH ya seli 6 ni 7.2, LiPo ya seli 2 ni 7.4. Tofauti iko kwenye kuisha. NiMH inachoka, kifaru kinapungua mwendo, unajua muda umefika. LiPo inaendelea kusukuma kwa nguvu hadi karibu na mwisho, na seli ikishuka chini ya volti 3 inaharibika. Saketi ya zamani haina habari na hilo. Weka king'ora kidogo cha kuchomeka kwenye plagi nyeupe ya kusawazisha seli, ukipange kulia kwenye volti 3.4 au 3.5 kwa seli. Weka na fyuzi karibu na betri. Chaja ya NiMH usiitumie kwa LiPo hata mara moja. Ukiiweka LiPo muda mrefu bila kuitumia, iache kwenye kama volti 3.8 kwa seli.

#8

Mkuu wa #6 nakubaliana nawe kwa sehemu. Kwa anayetaka ubongo mpya na bado abaki na infraredi, sauti na mzinga unaorudi nyuma, kuna mradi wa wazi wa OpenPanzer, umejengwa juu ya chipu ya ATmega2560 na michoro yake yote inapatikana. Nimeutumia. Unahitaji uvumilivu wa kusoma, lakini uzito wa kifaru unauhisi: kinachelewa kuondoka, kinachelewa kusimama.

Langu kuu ni jingine. Hakuna aliyetaja rimoti ikizima. Baadhi ya risiva zikipoteza mawasiliano hushikilia amri ya mwisho. Kifaru cha kilo kadhaa chenye gia za chuma kinaendelea kusukuma ukuta hadi mota ziungue. Kwa hiyo kila ninapomaliza kufunga, nakiweka juu ya tofali ili minyororo ielee, nakipa mwendo wa nusu, nazima rimoti. Minyororo isiposimama ndani ya sekunde moja, narudi kwenye risiva na kuipangia thamani ya kupotea kwa ishara, maikrosekunde 1500 (sawa na kijiti kikiwa katikati) kwa chaneli zote mbili za mwendo. Wanaotumia Arduino waandike hilo kwenye programu pia: ishara mpya isipofika ndani ya nusu sekunde, mota zote sifuri.