Naomba ushauri: mikoko ya hori ya Tudor kwenye picha za satelaiti

Assalaam aleikum ndugu zangu. Kikundi chetu hapa Mombasa kinapanda mikoko hori ya Tudor, na nataka kujua ilikatwa wapi tangu 2017. Nimeshusha picha za Sentinel-2 (satelaiti za Ulaya; ni bure, nukta moja ni mita 10) nikakokotoa ukijani wa mimea kwa kulinganisha bendi nyekundu na ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho). Kinachonisumbua ni maji: yakijaa, mikoko mizima inaonekana kama imepungua, yakipwa, inarudi. Mawingu ya masika nayo yananifungia macho, na hilo linaniuma kwa sababu wakataji hawasubiri kiangazi.

Je, nitumie picha za maji kupwa peke yake, au wastani wa mwaka mzima? Na rada ya Sentinel-1, inayopenya mawingu, itaonyesha ukataji wa miti michache, au maeneo makubwa tu?