Vijana wa kwaya waone filamu ipi: Amadeus, The Pianist au Chevalier?

Sauti_ya_Nne (Shangani, Mtwara)
Wakuu, naomba ushauri. Tumemaliza kuwafundisha vijana Ave Verum ya Mozart, sasa wananiuliza huyo Mozart alikuwa padre au nani. Nimeazima projekta, shuka jeupe ninalo, Jumapili jioni nataka niwawekee filamu moja. Hizo tatu ninazo kwenye flashi. Msisahau kuna watoto wa darasa la sita.

KoroshoGhafi
Amadeus, hakuna mjadala. Ya mwaka 1984, Oscar 8. Ila angalia toleo. La saa mbili na dakika arobaini halina shida. Lile la mwaka 2002, karibu saa tatu, lina mke wa Mozart anavua nguo mbele ya Salieri, mtunzi mwenzake Mozart. Paroko akipita hapo, umekwisha.

Binti_Mikindani
Filamu nzuri, lakini imemwonea Salieri. Kule ni mzee wa husuda anayejitangaza kamwua mwenzake, tena kaweka nadhiri ya useja. Salieri wa kweli alikuwa na mke na watoto wanane! Aliwafundisha Beethoven, Schubert na Liszt, hata mtoto wa Mozart mwenyewe. Na ile Requiem, misa ya wafu ya Mozart, iliagizwa kwa siri na bwana mmoja mkubwa, Walsegg, aliyefiwa na mkewe, akitaka watu wadhani kaitunga yeye.

Lindi_Kwetu
Kwa nini mnamruka Chevalier? Inamhusu Joseph Bologne, kazaliwa Guadeloupe, kisiwa cha Karibi, mwaka 1745, mama mtumwa, baba Mfaransa mwenye mashamba. Fundi wa violini na wa upanga. Alipopendekezwa kuongoza Opera ya Paris mwaka 1776, waimbaji wanawake wakamwandikia malkia kwamba hawataamrishwa na chotara. Vijana wetu wamwone huyo. Tena haifiki saa mbili, umeme ukikatika hupotezi sana.

Binti_Mikindani
@Lindi_Kwetu nakubali, ila waambie mapema kwamba lile pambano la violini na Mozart mwanzoni ni la kutunga.

BandaUmiza_Mstaafu
The Pianist niliionyesha zamani bandani kwangu. Watu walikaa kimya mpaka mwisho, kitu ambacho kwangu hakikuwa cha kawaida. Szpilman, mpiga piano Myahudi, kajificha Warsaw wakati wa Wanazi, mbele yake piano, na akisikika anakufa, basi vidole vinacheza hewani. Lakini ni ghetto, mtaa walikofungiwa Wayahudi, njaa na watu kupigwa risasi. Darasa la sita hapana.

Mzee_wa_Ndanda
Wanangu, mnabishana kuhusu ukweli na urefu, wakati mwenzenu anafundisha kwaya. Amadeus ina kipande kimoja karibu na mwisho: Mozart hoi kitandani, Salieri anaandika anachoambiwa. Ni Confutatis, sehemu ya ile Requiem. Inaanza besi peke yake. Halafu teno. Kisha vyombo, kimoja kimoja, Salieri analalamika anaachwa nyuma. Ghafla unasikia vyote kwa pamoja. Mimi nimefundisha kwaya miaka mingi na sijapata njia bora ya kumweleza mtoto kwa nini sauti yake peke yake inasikika kama haina maana. Tukio lenyewe halikutokea, Salieri hakuwepo pale. Lakini muziki umejengwa hivyo hivyo.

Na uwaambie pia: ile Ave Verum aliitunga Juni 1791 kwa ajili ya Anton Stoll, mwalimu wa kwaya ya parokia huko Baden, mji mdogo karibu na Vienna. Miezi sita baadaye akafa, ana miaka 35. Mwalimu wa kwaya kama wewe, mwanangu.

Sauti_ya_Nne
Shikamoo mzee. Umenimaliza. Amadeus basi, na Chevalier mwezi ujao. Kiingereza nitawatafsiria mwenyewe.

BandaUmiza_Mstaafu
Tafsiri, lakini kwenye Confutatis funga mdomo. Usituletee udijei.

Sauti_ya_Nne
Wakuu, nimefungua flashi. Saa tatu kasoro. Nani hapa mjini ana lile fupi?

KoroshoGhafi
😂 Ninalo. Njoo nalo flashi lako kesho jioni, na Jumapili uniwekee kiti cha mbele.