Panya mwenye kifua sugu: dawa za kumeza, nebulaiza au stiroidi?

MkiaMrefu
Habari wakuu. Panya wangu Zuzu ana miezi 19. Tangu utotoni ana mafua ya kuja na kuondoka, ila sasa kifua kinalia kila siku kama bawaba kavu. Tumempa antibiotiki mbili, doksisaiklini na enrofloksasini, wiki tatu, akapata nafuu. Siku ya sita baada ya kuacha, yakarudi yale yale. Daktari ametuachia tuchague: kuendelea na dawa hizo kwa muda mrefu, kuongeza nebulaiza (mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta), au stiroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Nani amepita huku?

BibiSharubu
Pole sana mwanangu. Hiyo itakuwa maikoplazma (Mycoplasma pulmonis), bakteria wa njia ya hewa, na haimwishi panya aliyeipata. Karibu kila panya wa kufugwa anayo, huipata kwa mama yake. Ukisikia fulani kamponya panya wake, jua katuliza kipindi kimoja.

Mimi nasimama na dawa za kumeza. Wangu alitumia doksisaiklini miezi saba mfululizo, daktari akimfuatilia, akala, akapanda kamba, akaiba soksi. Dawa hiyo humbana kijidudu na pia hupunguza uvimbe kwenye njia ya hewa. Enrofloksasini naiogopa kwa watoto kwa sababu ya gegedu, ile mifupa laini ya viungo, lakini Zuzu keshakua. Usiwape dawa hizi na maziwa wala mtindi, kalsiamu huzishika tumboni. Na mtu asikushauri amoksisilini peke yake: hiyo hushambulia ukuta wa seli, na maikoplazma hana ukuta. Inafaa bakteria wengine wakishadandia.

Kizimba77
Shikamoo Bibi. Nakubali mengi, ila wangu alifika mahali akiona bomba la dawa tu anajificha. Akagoma hata chakula tulichochanganyia, uzito ukashuka kutoka gramu 430 hadi 390. Nebulaiza ndiyo iliyotuvusha. Namweka kwenye boksi la plastiki lenye matundu, dakika 15 asubuhi na jioni, salaini (maji ya chumvi ya hospitali) na dawa aliyopima daktari. Makohozi yanalainika, anapiga chafya, anapumua. Siku ya kwanza alikwaruza boksi kama mfungwa. Siku ya nne akalala humo humo.

BibiSharubu
Marahaba. Lakini mvuke hufika pale tu hewa inapofika. Kipande cha pafu kilichozibwa na usaha hakipati kitu, na ndicho kinachoumwa.

Kizimba77
Ndani ya jipu hata damu haifikishi dawa vizuri, Bibi.

BibiSharubu
Hapo umenishika. Basi ampe vyote viwili, akikubali.

TundaLaUsiku
Niongelee stiroidi, maana naona wote mnaizunguka. Wangu alipewa prednisoloni akiwa na miezi 29. Siku mbili tu, akarudi ujanani. Wiki ya tano akashikwa na maambukizi mapya, kwa sababu stiroidi hushusha kinga. Sijutii, panya huishi miaka 2 hadi 3, na ule mwezi aliufaidi. Kwa Zuzu ningeiweka akiba kwanza. Ukiianza, usichanganye na meloksikamu, ile dawa ya maumivu, utamletea vidonda vya tumbo.

Mpekuzi
Mmeshindana kwa dawa, hakuna aliyeuliza Zuzu analala juu ya nini.

MkiaMrefu
Maranda ya msonobari. Tangu siku ya kwanza.

Mpekuzi
Yatoe leo. Harufu ile tamu ni kemikali zinazowasha njia ya hewa, na mwerezi ni mbaya zaidi. Weka karatasi au vitambaa. Kisha inamisha pua yako mpaka usawa wa sakafu ya tundu: ukisikia mkojo, yeye anavuta amonia usiku kucha, na amonia humchochea maikoplazma. Mimi nilimpa wangu dawa miezi miwili bila faida kwa uzembe huo huo. Pia mwombe daktari amsikilize moyo. Kwa panya mzee, moyo ukichoka dalili zake hufanana sana na hizi.

MkiaMrefu
Nimeona aibu, lakini asante. Ile rangi nyekundu puani ni damu? Na nitajuaje kuwa ni dharura?

Kizimba77
Mara nyingi si damu, ni porfirini, majimaji yenye rangi nyekundu, hutoka kwenye tezi nyuma ya jicho. Inamaanisha anaumwa au ana msongo. Dharura ni akipumua kwa mdomo. Panya huvuta hewa kwa pua, kwa hiyo akifungua mdomo keshaelemewa. Usisubiri asubuhi. Siku za kawaida mhesabu pumzi akiwa amelala: 70 hadi 115 kwa dakika ni sawa. Na mpime uzito kila wiki.

MkiaMrefu
Maranda yametoka. Tumekubaliana na daktari: dawa mbili za kumeza wiki sita, nebulaiza juu yake, stiroidi isubiri. Nimemhesabu sasa hivi, pumzi 31 kwa sekunde 15. Karatasi zote mpya keshazibeba kwenye kona yake.