ZX Spectrum 48K: TR4 inaungua kila nikiibadilisha

bodi_kuukuu:
Wakuu, salaam. Nina kompyuta ya zamani ya Sinclair, Spectrum 48K, ikiwashwa inatoa michirizi ya wima tu, maandishi ya Sinclair hayatokei. Transista TR4 (ZTX650) ilikuwa imekufa. Nimeweka mpya, imedumu sekunde chache nayo ikaungua. Kwenye RAM za chini (chipu za kumbukumbu) 5V ipo, −5V ni sifuri, 12V inasoma 1.1V. Niweke transista yenye nguvu zaidi?

FundiOmu:
Hapana mkuu, utachoma hata koili. TR4 na koili ndizo zinazopandisha 9V ya adapta kuwa 12V, na −5V inapatikana hapohapo. Chipu moja ya RAM hizo, aina ya 4116, ikipiga shoti ndani, mzigo wote unaiangukia TR4. Ikifa, −5V inapotea, na 4116 iliyokosa −5V huku volti nyingine zipo huharibika nayo. Kwa hiyo acha kuwasha kwanza.

Chomoa adapta, weka multimita kwenye omu. Kwenye 4116 pini ya 1 ni −5V, 8 ni 12V, 9 ni 5V na 16 ni ardhi (kinyume cha IC, yaani chipu, nyingi, wengi huteleza hapa). Pima 8 na 16, kisha 1 na 16. Omu chache tu maana yake shoti. 4116 zote nane (IC6 hadi IC13 kwenye bodi) zimeungwa sambamba, hivyo multimita haitakutajia mkosaji. Kata mguu wa 8 wa chipu moja, pima, nenda inayofuata. Ukifika kwenye mbovu, omu zitaruka juu.

Pima na transista TR5 (ZTX213) kabla ya kuweka TR4 nyingine. Mara nyingi huondoka pamoja.

risasi60_40:
Chipu mbovu usiing'oe nzima. Kata miguu yote 16 karibu na mwili wake, halafu pasha mguu mmojammoja na uuvute kwa kibanio. Ndani ya kila tundu kuna shaba nyembamba inayounganisha juu na chini ya bodi. Ukivuta kabla risasi ya kulehemu haijayeyuka vizuri, shaba hiyo inatoka na mguu. Kisha weka soketi ya pini 16.

bodi_kuukuu:
IC9 ndiyo ilikuwa na shoti. TR4 na TR5 mpya, −5V na 12V zimerudi. Sasa kuna mstari mwembamba wa wima unaojirudia skrini nzima.

FundiOmu:
Hapo mashine inakutajia yenyewe chipu mbovu iliyobaki. Skrini inasomwa kutoka RAM hizohizo, baiti moja ni nukta 8 kwa mlalo. Nukta ya kushoto kabisa ni biti 7, yaani IC13. Ya kulia kabisa ni biti 0, IC6. Mstari wako ni wa ngapi?

bodi_kuukuu:
Wa tatu kutoka kulia.

FundiOmu:
IC8. Ukikosa 4116, 4164 (aina nyingine ya chipu ya RAM) inafaa: inua pini ya 1 na ya 8 zisiingie kwenye soketi, kisha unganisha 8 na 9 kwa kiwaya kifupi. Pini ya 9 ibaki tunduni, ndiko 5V inakotoka. Ukisahau kuinua ya 8, itakula 12V na kufa papo hapo.

risasi60_40:
Na adapta iangalie: katikati ya plagi ni hasi, nje chanya. Adapta nyingi za siku hizi ni kinyume.